Mafunzo ya Kompyuta Pasipo Kompyuta: Shule za Sekondari za Umoja wa Kisovieti, 1985

Mwezi wa Septemba, 1985, shule za sekondari katika jamhuri zote 15 za Umoja wa Kisovieti zilianza kufundisha somo jipya, nalo liliitwa Misingi ya Informatika na Ufundi wa Mashine za Hesabu. Lilikuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho, yaani darasa la 9 na la 10. Ajabu ya habari hii ni kwamba wengi wa wanafunzi hao hawakuwa wamepata kuiona kompyuta, wala shule zao hazikuwa nayo. Na wale walioliweka somo hilo walilijua jambo hili tangu mwanzo. Kisa hiki chastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa sababu mahali palipopaswa kukaa mashine paliwekwa lugha.

Mtu aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Andrei Ershov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1931, na ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika mji wa wanasayansi ulio karibu na Novosibirsk, huko Siberia. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 yeye na wenzake walitunga lugha ya Alfa, iliyojengwa juu ya Algol 60, pamoja na programu ya kuigeuza iwe amri za mashine. Baadaye akageukia mambo ya shule. Mwaka 1979 yeye, G. A. Zvenigorodsky na Y. A. Pervin walitoa andiko lililoeleza jinsi elimu hii iwezavyo kuingizwa shuleni. Zvenigorodsky, aliyefariki mwaka 1984 angali kijana, alikuwa amekwisha kuwatungia watoto lugha mbili zenye maneno ya Kirusi: Robik kwa wadogo na Rapira kwa wakubwa wao. Mwaka 1981, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Lausanne, Ershov alitoa hotuba iliyoitaja kazi ya kutunga programu kuwa ni kusoma na kuandika kwa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama vile uchapaji wa vitabu ulivyofanya kusoma kuwe haja ya kila mtu, ndivyo mashine hizi zitakavyofanya ujuzi wa kupanga kazi kwa hatua kuwa haja ya kila mtu.

Tarehe 28 Machi, 1985, uongozi wa chama na serikali ulitoa amri kwamba ujuzi huo ufundishwe katika shule zote za sekondari. Muda uliobaki ulikuwa wa miezi michache tu. Walimu, wengi wao wakiwa wa hesabu na fizikia, walipewa mafunzo ya haraka wakati wa kiangazi. Kitabu cha kwanza, kilichohaririwa na Ershov pamoja na V. M. Monakhov, kilitoka mwaka huo huo, na cha pili kikafuata mwaka 1986. Navyo vikatafsiriwa katika lugha za jamhuri nyingine. Darasa la 9 lilipewa saa 34 kwa mwaka. Kwa darasa la 10 kulikuwa na njia mbili: shule iliyoweza kuzifikia mashine ilifundisha saa 68, na isiyoweza ilifundisha saa 34.

Kiini cha kitabu hicho kilikuwa lugha iliyotungwa kwa ajili ya shule, ikaitwa kwa wepesi tu lugha ya algorithi, yaani lugha ya kuandikia mfuatano wa hatua za kazi. Maneno yake yote yalikuwa ya Kirusi, lakini si Kirusi cha mazungumzo. Watungaji walichukua maneno ya kawaida, na mengi wakayakata mikia: neno la mwanzo likawa nach, la mwisho likawa kon, na la jibu likawa rez. Maneno mafupi yasiyonyambulika, kama yesli kwa sharti na poka kwa tendo lirudiwalo maadamu sharti lingalipo, yaliachwa kama yalivyo. Kirusi ni lugha ambayo miisho ya majina hubadilika kwa kila kazi yake katika sentensi. Kwa kuikata miisho hiyo watungaji walipata maneno yasiyobadilika, ambayo hata hivyo mtoto aliyatambua mara moja kuwa ni ya kwao.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa kalamu na daftari. Mfano mwema ni ule wa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, kwa njia iliyojulikana tangu zama za Euclid. Maadamu namba hizo hazilingani, ndogo hutolewa katika kubwa. Ikianzwa kwa 48 na 18, hupatikana 30 na 18, kisha 12 na 18, kisha 12 na 6, na mwisho 6 na 6. Basi jibu ni 6. Mwanafunzi huchora jedwali, akaandika kila badiliko katika mstari wake, pasipo kuruka hatua na pasipo kutumia busara yake mwenyewe. Hapo mtoto huwa ndiye mashine, na kwa kuwa yeye ndiye mashine, hutambua tofauti iliyopo baina ya kuelewa kazi na kuiamuru.

Hata hivyo, haifai kisa hiki kisimuliwe kama ushindi mtupu. Mashine huonyesha kosa bila upendeleo na papo hapo, daftari halionyeshi. Mwalimu aliyejifunza somo lenyewe kwa majuma machache ndiye aliyekuwa hakimu wa pekee, na kosa lake liliweza kuwa kosa la darasa zima. Mashine zilizokuja, kama vile Agat, Korvet na BK, pamoja na Yamaha zilizonunuliwa kutoka Japani, zilikuwa za aina nyingi, na nyingi katika hizo zilitumia BASIC, yenye maneno ya Kiingereza. Basi palizuka ufa kati ya lugha ya kitabu na lugha ya mashine. Ufa huo ulizibwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Moscow, wakiongozwa na A. G. Kushnirenko na G. V. Lebedev, waliotengeneza programu ya kuiwezesha kompyuta kuitii lugha ya shule. Ershov alifariki Desemba 1988, na Umoja wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991. Lakini lugha ile haikufa nao, kwani imeendelea kutumika shuleni Urusi katika mfumo uitwao Kumir.

Majina nayo yalikuwa na safari yake. Neno informatika liliingizwa katika Kirusi na A. I. Mikhailov na wenzake mwaka 1966, kwa maana ya elimu ya kuhifadhi na kutafuta maandishi ya sayansi. Somo la shule liliipa nguvu maana nyingine, ndiyo elimu ya kompyuta, hata ile ya kwanza ikafifia. Mashine yenyewe iliitwa EVM, kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya mashine ya hesabu ya elektroni. Baadaye jina hilo lilishindwa na neno la kigeni, kompyuter. Hivyo jina la kifaa lilipotea, lakini maneno ya amri yakabaki.

Jambo hili lina mafunzo kwa Kiswahili, ambamo bidii kubwa imetumiwa katika kushindanisha kompyuta na tarakilishi. Mfano wa Kirusi waonyesha kwamba uzito hauko katika jina la chombo, bali katika maneno machache ya kuamuru: kama, basi, la sivyo, maadamu, rudia, mpaka. Maneno hayo Kiswahili kinayo, lakini hayawezi kutwaliwa ovyo. Sharti katika Kiswahili mara nyingi hukaa ndani ya kitenzi chenyewe, nalo huchanganyika na wakati: anayesema "wakija, waambie" aweza kuwa na maana kwamba kuja kwao kuna shaka, au kwamba hapana shaka ila saa yake haijulikani. Mashine haivumilii utata huo. Kwa hiyo mtungaji wa lugha ya amri ya Kiswahili hana budi kuiacha -ki- na kuchagua neno linalosimama peke yake, kama vile Warusi walivyoiacha miisho yao.

Katika shule za sekondari za Tanzania masomo kama haya hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa wanafunzi wengi hiyo ni lugha ya pili au ya tatu. Mtoto anayekosea hapo haijulikani kwa urahisi kama ameshindwa na hesabu au ameshindwa na neno. Shule za Kisovieti za mwaka 1985 zilikosa mashine, na upungufu huo uliwadhuru wanafunzi wao. Lakini mwanafunzi aliposhindwa kuandika hatua za kazi katika lugha yake, mwalimu wake alijua ni wapi pa kumsaidia.