John Glenn na mama aliyempigia hesabu

Mnisamehe kwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Leo nina habari ya zamani ambayo kila nikikumbuka naifikiria kazi yangu.

Katherine Johnson alikuwa mwanahisabati mweusi wa NASA pale Langley, Virginia. Mwaka 1960 yeye na mwenzake Ted Skopinski walitoa ripoti ya kupanga njia ya chombo cha angani. Hesabu yenyewe ilikwenda kinyumenyume: unachagua kwanza mahali unapotaka chombo kifike, halafu unarudi nyuma kutafuta pembe kinayotakiwa kuelekea roketi inapozimika. Ugumu wake ni kwamba dunia haikusubiri. Chombo kikimaliza mzunguko mmoja, kama dakika 90, dunia nayo imeshajigeuza nyuzi 22 hivi kuelekea mashariki. Ukilenga mahali palipo sasa, utapakosa.

Kufikia 1962 hesabu hizo zilipigwa na kompyuta za IBM. John Glenn, aliyekuwa akijiandaa kuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, hakuziamini hivi hivi. Aliomba yule mama arudie tarakimu zilezile kwa mashine yake ya mezani. Ilimchukua siku moja na nusu, majibu yakalingana. Sisi wodini ndivyo tunavyofanya: dawa ya hatari inahesabiwa na manesi wawili, kila mmoja peke yake.

Tarehe 20 Februari 1962 Glenn akaruka, akazunguka mara tatu. Mlioko Unguja mjue kwamba kituo kimojawapo cha kuongea naye kilikuwa hapo hapo kisiwani, na alipopita juu yenu alipimwa presha na mapigo ya moyo kwa redio! (Nesi hawezi kuliacha hilo.)

Ila alitua baharini kama kilomita 64 kabla ya mahali palipopangwa. Kuzidisha na kugawanya hakukuwa na kosa. Walisahau tu kwamba chombo kimepungua uzito kwa vitu vilivyotumika njiani, na chombo chepesi kinapunguzwa mwendo zaidi na roketi zilezile.

Jamani, mimi nimeshafika hapo. Miaka michache iliyopita tulimwandalia mtoto dawa inayotolewa kwa kilo. Tulihesabu wawili, tukalingana. Mama yake ndiye aliyeniambia mwanawe amekonda sana tangu walazwe. Nikatazama faili: uzito ulikuwa wa wiki tatu nyuma. Tukampima, kilo mbili hazipo. Tulikuwa tumelingana kwenye kosa, na dawa ilishakuwa ndani ya bomba la sindano. Nikaimwaga, tukaanza upya, mikono ikinitetemeka.

Haya, nalala kidogo, saa moja jioni naingia tena. Shangazi, picha nitakutumia Jumapili.