Uundaji wa wahusika na kundi katika mchezo wa uhusika

Uundaji wa wahusika ni hatua ya kwanza ya mchezo wa uhusika, ambapo kila mchezaji anabuni mtu wa hadithi atakayemwakilisha mezani. Upangaji wa kundi ni hatua inayofuata: wachezaji wanakubaliana jinsi wahusika wao watakavyosafiri pamoja, nani atafanya kazi gani, na kwa nini watu hao wanaaminiana. Hatua hizi mbili hufanyika kabla ya hadithi kuanza, na kwa kawaida ndizo zinazoamua kama mchezo utaendelea au utavunjika mapema.

Mchezo wa uhusika huchezwa na watu wachache wanaokaa pamoja wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye anaeleza mazingira, anaongoza watu wengine wote wa hadithi na kuamua matokeo kwa kufuata kanuni. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Hakuna mshindi kama katika bao au karata, kwa kuwa kundi lote linashinda au kushindwa pamoja.

Historia

Mchezo wa kwanza wa aina hii uliouzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974 na kampuni ya TSR. Ulitokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari. Jambo jipya lilikuwa kwamba mchezaji hakuongoza tena jeshi zima bali mtu mmoja mwenye jina.

Toleo la kwanza lilikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mtumiaji wa nguvu za ajabu na mtu wa dini. Fani ya mwizi iliongezwa mwaka 1975. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, na toleo la tano la mchezo huo lilitoka mwaka 2014. Mwaka 2002 kilitolewa kitabu cha Nyambe, kilichoandikwa na Christopher Dolunt, ambacho mazingira yake yametokana na ngano na historia za Afrika.

Hatua za kuunda mhusika

1. Wazo. Mchezaji anaanza na sentensi moja inayojibu maswali mawili: huyu ni nani, na anatafuta nini? "Mpiganaji hodari" halitoshi, kwa sababu halimwambii msimulizi la kufanya. "Mpagazi anayetafuta kaka yake aliyepotea mlimani" linatosha.

2. Sifa. Katika Dungeons & Dragons kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Njia ya zamani ni kurusha dadu tatu za pande sita na kujumlisha, hivyo kila sifa inapata namba kati ya 3 na 18. Wastani ni 10.5, na nafasi ya kupata 18 ni moja tu kati ya 216. Njia nyingine ni kugawa namba zilizopangwa tayari. Katika toleo la tano namba hizo ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Njia hii ni ya haki zaidi kwa wanaoanza, kwa sababu hakuna anayezidiwa kwa bahati, na kila mmoja analazimika kuchagua mahali atakapokuwa dhaifu.

3. Fani. Hii ni kazi ambayo mhusika ameizoea, kama vile kupigana, kuponya, kunyemelea au kutumia elimu ya siri. Fani inaonyesha sifa ipi ipewe namba kubwa.

4. Vifaa. Mhusika anapewa vitu vichache na kiasi cha fedha. Uzito huhesabiwa, kwa hiyo haiwezekani kubeba kila kitu.

5. Kasoro. Mhusika mzuri ana jambo linaloweza kumwangusha: deni, woga, kiapo au mtu anayempenda. Bila kasoro msimulizi hana mahali pa kumshika.

Namba hizo hutumika wakati wa kucheza. Mfano: mhusika anataka kumshawishi mlinzi afungue lango, na msimulizi ameweka kiwango cha 15. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza nyongeza ya haiba. Mwenye haiba 15 ana nyongeza ya 2, hivyo anahitaji kupata 13 au zaidi. Nafasi yake ni asilimia 40. Mwenye haiba 8 anapunguziwa 1, hivyo anahitaji 16 au zaidi. Nafasi yake ni asilimia 25. Hata aliye dhaifu anaweza kufaulu, lakini kundi lenye busara humtanguliza anayefaa.

Kupanga kundi

Kundi la kawaida lina wahusika watatu hadi watano. Kabla ya kuanza, wachezaji hujiuliza maswali yafuatayo:

- Nani atasimama mbele hatari ikija?
- Nani ataponya majeruhi?
- Nani atatangulia kuchunguza njia?
- Nani atazungumza na wenyeji?
- Ni jambo gani linawafanya wasiachane?

Swali la mwisho husahaulika mara nyingi, ingawa ndilo zito kuliko yote. Wahusika wanne hodari wasio na sababu ya kuwa pamoja hutawanyika kwenye njia panda ya kwanza. Udugu, deni la pamoja, kijiji kimoja au adui mmoja hutosha kuwafunga.

Kosa jingine ni wachezaji wote kuchagua fani moja. Kundi la wapiganaji wanne hushinda pambano la kwanza, kisha hukwama mtu wa kwanza anapougua.

Mifano kutoka Afrika Mashariki

Fumo Liyongo. Shujaa huyu wa pwani ya Kenya anajulikana kupitia mapokeo ya mdomo na utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ana nguvu zisizo za kawaida, ni mpiga mishale na pia ni malenga. Hata hivyo hakutoka gerezani kwa nguvu. Kijakazi Saada ndiye aliyepeleka ujumbe, mama yake akaficha tupa ndani ya mkate wa makapi ambao walinzi waliudharau, na ngoma na nyimbo za watu waliokuwa nje zikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Hilo ni kundi kamili, ambalo kila mtu ndani yake alikuwa na kazi moja asiyoweza kuifanya mwingine. Liyongo pia ana kasoro. Chuma hakimuui, lakini sindano ya shaba kitovuni inamuua, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe.

Safari ya Kibo ya mwaka 1889. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda Kilimanjaro mara tatu. Mwaka 1887 alifika kwenye kuta za barafu akarudi kwa kukosa vifaa vya kupandia barafu. Mwaka 1888 alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri kabla ya kuufikia mlima. Mwaka 1889 alibadilisha kundi: alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima mzoefu kutoka Austria, na aliweka kambi njiani ambako wapagazi walipeleka chakula mara kwa mara. Muini Amani wa Pangani alibaki akitunza kambi ya juu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walifika kileleni. Kwa miaka mingi vitabu viliwataja hao wawili tu. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wa njia katika safari hiyo, alikuja kuenziwa wakati wa maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989. Kwa wapangaji wa mchezo kuna fundisho hapa: mbeba chakula na mlinzi wa kambi ni wahusika kamili.

Mfano wa kundi: kutoka Majengo hadi chanzo cha mfongo

Mfano huu wa kubuni unaanzia Majengo, kata ya Manispaa ya Moshi. Mfongo unaoleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa umekauka ghafla. Wahusika wanne wanatumwa kupanda hadi chanzo chake kabla mazao hayajakauka.

- Mpagazi, ambaye mjini Moshi huitwa pia mgumu. Nguvu 15, ustahimilivu 14, haiba 8. Anasimama mbele. Kasoro yake ni kwamba hakubali kusema amechoka.
- Bibi mganga wa mitishamba. Busara 15, akili 14, nguvu 8. Anaponya. Anaijua sababu ya mfongo kukauka, lakini ameapa kutoisema.
- Mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni. Haiba 15, akili 14, ustahimilivu 8. Anazungumza na wenyeji. Anadaiwa fedha na mwenye shamba mkubwa.
- Kijana mchunga mbuzi. Wepesi 15, busara 14, akili 8. Anatangulia njiani. Ni mjukuu wa bibi mganga.

Kinachowafunga pamoja ni maji, kwa kuwa wote wana kihamba kwenye mfongo huo huo. Sasa waangalie mizigo. Safari ni ya siku tano, na kila mtu anakula kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 20 kwa watu wanne. Huo ni mzigo mzima wa mpagazi mmoja kwa kiwango cha kilo 20 kinachotumika kwa wapagazi wa Kilimanjaro. Mpagazi akiugua, watatu waliobaki watagawana karibu kilo 7 kila mmoja, pamoja na mizigo yao wenyewe na ya mgonjwa. Hapo ndipo kasoro yake inapogeuka kuwa hatari ya kundi zima.

Suala la lugha

Michezo hii mingi imeandikwa kwa Kiingereza, na kutafsiri majina ya fani kunahitaji uangalifu. Katika hadithi za Ulaya mtu mwenye nguvu za ajabu anaweza kuwa mzee mwema. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru wengine kwa siri, na mganga ndiye anayetibu. Nchini Tanzania jambo hili si la mchezo tu. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza na bado ipo, na wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Kwa hiyo ni vizuri kutumia maneno kama mganga, mjuzi au mwenye elimu ya siri. Ni vizuri pia wachezaji wakubaliane mapema kwamba mambo fulani hayataingia mezani iwapo yanamuumiza mmoja wao.

Upatikanaji

Mwezi Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuzisambaza, hata kwa Kiswahili, mradi tu ataje zilikotoka. Vifaa vingine ni rahisi kupatikana. Dadu za pande sita zinatosha kwa michezo mingi, na badala ya dadu ya pande 20 zinaweza kutumika karatasi 20 zenye namba ndani ya kofia, mradi kila karatasi irudishwe baada ya kuchorwa.

Tazama pia

- Dungeons & Dragons
- Fumo Liyongo
- Mlima Kilimanjaro
- Moshi (mji)
- Ngano