Karanga za Kongwa na Mkaguzi Aliyechelewa Kuitwa

Katika miaka iliyofuatia Vita vya Pili vya Dunia, watu wa Uingereza walipokuwa wangali wakigawiwa mafuta ya kula kwa kadi na kwa vipimo vya uchache, Bwana Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri mwaka 1946 kwamba mapori ya Tanganyika yafyekwe kwa mitambo yakalimwe karanga. Na serikali yake, kwa kuwa haja ilikuwa kubwa na wakati ulikuwa finyu, ikalipokea shauri hilo kwa shauku. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, ukarejea na tadbiri iliyopangika vizuri karatasini: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, na katika hayo 80 yawe Tanganyika, na yaliyosalia yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi.

Saa hiyo, kabla senti moja haijatumika, ndiyo iliyokuwa saa ya ukaguzi. Laiti angalipatikana mtu mwenye idhini ya kuuliza mvua za Kongwa, mahali palipoanzia kazi ile Tanganyika, hunyesha kiasi gani katika mwaka mbaya, udongo wake huwaje kiangazini, na kwa nini lisilimwe kwanza shamba dogo la majaribio, nina yakini kwamba sehemu kubwa ya hasara ingaliepukika. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, waliokuwa wakifuga ng'ombe na kulima uwele na mtama kwa kuitegemea mvua isiyoaminika, walikuwa na elimu ya kutosha juu ya maswali hayo yote, walakini elimu yao haikupewa uzito. Shamba la majaribio nalo halikulimwa, kwa hoja kwamba njaa ya mafuta haisubiri.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1947 ilikusudiwa zifyekwe ekari 150,000, zikapandwa 7,500 hivi. Matrekta, ambayo mengi yalikuwa mabaki ya jeshi, mengine yakiwa yametolewa Ufilipino, yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Visiki na mizizi ya pori ikavunja majembe. Na mvua ilipokatika, ule udongo wa mfinyanzi ulikauka ukashupaa hata karanga zilizokomaa zikawa hazing'oki ardhini.

Mkaguzi alifika baada ya hayo. Sheria ya mwaka 1948 iliyounda Overseas Food Corporation, shirika lililokabidhiwa kazi ile, ilikuwa imelilazimisha kuweka vitabu vya hesabu sawasawa. Na wakaguzi wa Cooper Brothers, walipozipitia hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, walikataa kushuhudia kwamba sharti hilo limetimizwa. Nawasifu kwa hilo, maana si jambo jepesi kuliandikia shirika la serikali maneno ya namna hiyo, ilhali waziri mwenye dhamana, Bwana John Strachey, alikuwa angali akiutetea mradi kwa nguvu zake zote. Novemba 1949 wapinzani Bungeni London walitaka iundwe tume ya uchunguzi, wakashindwa kwa kura. Wajumbe wawili wa bodi, Wakefield akiwa mmojawapo, wakaondolewa. Januari 1951 serikali ikatangaza kuuvunja mradi ule mkubwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Taksiri haikuwa ya wakaguzi. Kazi waliyopewa ilikuwa kuangalia kama fedha zimeandikwa ipasavyo, wala si kuuliza kama jambo lenyewe linastahili kutendwa, au kama wasimamizi wake wanajua walitendalo. Huko Uingereza kwenyewe, ambako sheria ya ukaguzi wa hesabu za dola ilitungwa mwaka 1866, ilibidi kungoja mpaka mwaka 1983 ndipo mkaguzi mkuu akapewa, kwa maandishi ya sheria, mamlaka ya kupima uwekevu, tija na ufanisi wa kazi za umma.

Tanzania, iliyorithi mabaki ya Kongwa, imeyaweka mamlaka hayo katika Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, ambayo kwayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya ukaguzi wa ufanisi: hutazama mradi wa maji au wa barabara, si kwa stakabadhi zake peke yake, bali kwa namna ulivyobuniwa, ulivyosimamiwa, na kama maji yenyewe yanatoka. Ripoti zake hukabidhiwa Rais, kisha zikawekwa mbele ya Bunge, na baada ya hapo kila raia ana haki ya kuzisoma. Basi nakusihi, msomaji, uzisome. Na unapoletewa kijijini kwako mradi mpya wenye hesabu nzuri, uliza mapema, tena mbele ya watu, umejaribiwa wapi, na ni nani atakayeukagua kabla haujaisha.