Kijana Aliyekwenda Jangwani: Habari za Antoni wa Misri

Wasikilizaji wetu, jioni hii tunapenda kuwasimulia habari za kijana mmoja wa nchi ya Misri aliyeishi zamani sana, katika karne ya tatu na ya nne baada ya kuzaliwa Kristo. Jina lake Antoni. Aliacha mali, akaacha jamaa, akaenda kukaa jangwani peke yake, na tangu siku zile hata leo watu hawajaacha kumtaja. Baadhi yenu mmekwisha kusikia jina lake kanisani. Wengine, ambao si wa dini hiyo, huenda hamkulisikia kamwe. Si kitu. Hatukuja kuhubiri, ila kueleza mambo yaliyokuwa.

Mwaka mmoja tulipokuwa tukifundisha habari hizi katika chuo cha waalimu, vijana karibu wote walimsifu Antoni. Mmoja akasema, huyu ndiye mwanamume hasa. Ndipo mwanafunzi aliyeketi nyuma, mtu asiyependa kusema, akauliza, "Mwalimu, na yule mtoto wa kike aliyemwacha nyumbani, nani alimtunza?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana hatukuwa na jibu. Tukasema tu kwamba saa imekwisha. Tangu siku ile tumezisoma tena habari hizo mara nyingi, na kila tusomapo swali lile liko mbele yetu.

Yote tunayoyajua juu ya maisha ya Antoni, karibu yote, yatoka katika kitabu kimoja. Mwandishi wake ni Athanasio, aliyekuwa askofu wa Iskanderia tangu mwaka 328 hata alipokufa mwaka 373. Alikiandika muda mfupi baada ya Antoni kufa, siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa akijificha asikamatwe na askari wa Kaisari, na watawa wa jangwani walimsitiri. Kwa hiyo yatupasa kumsoma kama tunavyomsikiliza mtu anayemsifu rafiki yake aliyekufa: hatumwiti mwongo, lakini twajua kwamba hasemi yote.

Antoni alizaliwa yapata mwaka 251, katika kijiji cha Misri ya kati. Wazee wake walikuwa Wakristo, tena watu wenye mali. Walikuwa na shamba la arura 300, na arura ni kipimo cha Misri kilichopungua eka moja, hata shamba lote likawa kama eka 200, udongo mzuri wenye rutuba. Antoni alipokuwa na umri wa miaka 18 au 20 wazee wake wakafa wote wawili. Akabaki na nyumba, na shamba, na umbu lake, yaani ndugu yake wa kike, naye alikuwa angali mtoto mdogo sana. Kwa desturi zetu, na kwa desturi zao pia, kaka ndiye sasa badala ya baba.

Haikupita hata miezi sita. Siku moja akaingia kanisani, akasikia ikisomwa ile habari ya kijana tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Akatoka mara ile ile. Shamba lote akawapa watu wa kijiji chake. Vitu vya nyumbani akaviuza, fedha akawagawia maskini, akaweka kidogo tu kwa ajili ya umbu lake. Baadaye akasikia kanisani maneno ya kutosumbukia kesho, na hicho kidogo nacho akakitoa.

Hapa Athanasio ametia neno ambalo msomaji wa haraka hulipita. Asema kwamba Antoni aliwapa wanakijiji shamba lile ili wasimsumbue tena yeye wala umbu lake. Kwa nini mtu aliyepewa shamba la bure amsumbue aliyempa? Tulishangaa, hata tulipojifunza jinsi Misri ilivyotawaliwa na Warumi. Shamba lilikuwa na kodi yake, na kodi ililipwa kwa nafaka, iliyopelekwa kwa mashua na merikebu hata miji mikubwa ya mbali. Tena mwenye mali alilazimishwa kazi za serikali bila mshahara, kama kukusanya kodi ya wenzake au kusimamia mifereji, na kilichopungua alikilipa kwa mali yake. Mtu mmoja akitoroka, mzigo wake uliwaangukia waliobaki. Basi kijana aliyetaka kuondoka na kuacha arura 300 bila mwenyewe angaliwatia jirani zake katika hasara kubwa. Kwa kuwapa shamba, aliwapa mavuno pamoja na deni. Twaona kwamba hakuwa kijana wa kukurupuka. Alimaliza hesabu na kijiji chake kabla ya kukipa kisogo.

Wala hakuwa mtu wa kwanza kwenda jangwani. Wakulima wa Misri walikuwa wakikimbia tangu zamani kwa sababu ya kodi na madeni. Liwali wa Kirumi alitoa amri mwaka 104 kwamba wote walioacha makwao warudi wakahesabiwe. Kukimbia huko waliita kwa Kiyunani anakoresis, maana yake kuondoka na kujitenga, na neno hilo hilo ndilo walilopewa baadaye wakaa pweke wa dini. Mtu wa Misri hakuwa na haja ya kusafiri siku nyingi ili afike nyikani. Nchi ile yote ni ukanda wa udongo mweusi kando ya mto wa Nile. Penye mwisho wa maji ndipo mwanzo wa mchanga, hata mtu aweza kusimama mguu mmoja shambani na mguu mmoja jangwani. Lakini jangwa lao si kama pori letu. Mtu wetu aliyepotea porini aweza kupata asali, mizizi, matunda na mnyama wa kutega. Kule hakuna kitu. Anayekaa jangwani Misri hula mkate ulioletwa na mwingine.

Tena tusimfananishe na vijana wetu wa jandoni. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yamewapeleka vijana porini, lakini huenda kundi zima, wana mlezi wao, na siku ya kurudi hupigiwa vigelegele. Antoni hakuwekewa siku ya kurudi.

Hakwenda mbali kwa mara moja. Kwanza alikaa nje ya kijiji chake, akifanya kazi kwa mikono yake, akinunua mkate kwa sehemu ya ujira na sehemu nyingine akiwapa wahitaji. Palikuwa na mzee katika kijiji cha jirani aliyeishi pweke tangu ujana wake, naye Antoni akamfuata ajifunze kwake. Kisha akasogea, akaingia katika makaburi ya zamani yaliyokuwa mbali kidogo na kijiji, akafungiwa mlango, na rafiki mmoja akawa akimletea mkate.

Habari ya makaburini wachoraji wa Ulaya wameichora mara nyingi, nao hupenda kuchora mashetani yenye pembe na mikia yakimpiga Antoni. Sisi hupenda zaidi yale yaliyofuata, ambayo wachoraji huyaacha. Rafiki yake alipoleta mkate alimkuta amelala chini kama maiti, akambeba hata kanisani kijijini. Jamaa zake wengi na watu wa kijiji wakaja wakaketi wamemzunguka, kama watu waketivyo matangani. Hebu wafikirini jamaa hao. Kijana wao aliyegawa mirathi, aliyewakimbia, amerudishwa amebebwa. Nao hawakumwambia "tulikuambia", bali walikuja wakakesha. Usiku wa manane Antoni akapata fahamu, akafumbua macho, akaona wote wamelala ila rafiki yule tu. Akampungia mkono aje, akamwomba ambebe amrudishe makaburini wala asimwamshe mtu. Athanasio aona hapo ushujaa. Sisi twauona pia. Ila twawaona na wale walioamka asubuhi wakakuta mahali patupu.

Alipopata umri wa miaka 35 hivi akamwendea yule mzee wake, akamwomba waende pamoja kukaa jangwani kabisa. Mzee akakataa. Alitoa sababu mbili: kwamba yeye ni mzee, na kwamba haijawa desturi. Antoni akavuka mto peke yake, akapanda mlimani, akapata ngome iliyoachwa na watu, imejaa nyoka na wadudu watambaao. Akaingia, akaziba mlango. Mara mbili kwa mwaka mikate ilipitishwa juu ya dari, mikate mikavu ambayo watu wa kusini mwa Misri walijua kuitengeneza ikae mwaka mzima isioze. Akakaa humo karibu miaka 20. Mwisho rafiki zake wakauvunja mlango, wakatazamia kuona mtu aliyekonda au kichaa. Wakamkuta hakunenepa wala hakukonda, na akili yake ni timamu.

Baada ya hapo watu wengi wakamfuata, vibanda vya watawa vikajaa milimani. Mwaka 311 serikali ya Kirumi ilipowatesa Wakristo wa Misri, Antoni akashuka Iskanderia, akawahudumia waliofungwa magerezani na waliopelekwa kufanya kazi migodini. Hakimu akaamuru watawa wote watoke mjini. Wengine wakajificha, Antoni akafua nguo yake, na kesho yake akasimama mahali pa wazi ambapo hakimu atamwona. Hakushikwa.

Umati ulipomchosha akaondoka tena. Akafuatana na msafara wa Waarabu siku tatu mchana na usiku, hata mlima mrefu karibu na bahari ya Sham, penye maji matamu ya baridi na mitende michache isiyotunzwa. Mwanzo aliletewa mkate, lakini alipoona jinsi watu wanavyotaabika kwa ajili yake akaomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima. Hapo ndipo sisi, watoto wa wakulima, tunapomwelewa vema kuliko mahali pengine pote. Wanyama wa porini wakaja kunywa maji wakaiharibu bustani yake. Yasemekana alimkamata mmoja kwa upole akamwuliza kwa nini wanamdhuru yeye asiyewadhuru. Sisi tumelinda mashamba usiku na hatukuwahi kupata nguruwe wa kusikia maneno.

Kuna jambo moja ambalo sisi waalimu hatuwezi kuliacha. Athanasio asema Antoni hakukubali kusoma shule alipokuwa mtoto, na kwamba moyo wake wa kukumbuka ulikuwa badala ya vitabu. Vijana wavivu wamelipenda sana neno hili! Lakini Yeronimo, aliyeandika yapata mwaka 392, alizitaja barua saba za Antoni, na mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Sweden, Samuel Rubenson, alichapisha kitabu cha kuonyesha kwamba barua hizo ni zake kweli, na kwamba aliyeziandika alikuwa mtu mwenye elimu. Si wataalamu wote waliokubali. Sisi twaelekea upande wa Rubenson, na huenda ni kwa sababu ya kazi yetu.

Sasa turudi kwa umbu lake. Athanasio asema kwamba Antoni alimweka kwa wanawali aliowajua na kuwaamini, wamlee. Halafu, katika sura ile ile, asema kwamba siku hizo watawa wa kiume walikuwa hawajawa na makao mengi Misri, na jangwa kubwa hakuna aliyelijua. Tulisoma maneno hayo mara nyingi kabla ya kuyaweka pamoja. Kama Antoni alikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto, basi wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kukaa pamoja kitawa, kijijini, bila sifa wala kelele, kabla Antoni hajavuka mto. Umbu lake ndiye aliyetangulia kuingia utawani, naye aliingizwa na mkono wa kaka yake.

Wala hao wa vijijini hawakukoma. Kuna hati moja ya mafunjo ya mwezi Juni mwaka 324, kutoka kijiji cha Karanis, ambamo mkulima mmoja anashitaki kwamba ng'ombe wa jirani ameharibu shamba lake, na alipotaka kumpeleka akapigwa, angalikufa kama shemasi mmoja na mtawa mmoja aitwaye Isaka wasingalimsaidia. Wataalamu husema hiyo ndiyo hati ya kwanza kabisa kumtaja mtawa. Naye hayuko jangwani. Yuko njiani kijijini, anaamua ugomvi wa ng'ombe.

Antoni alikufa mwaka 356, na Athanasio asema alikuwa na umri wa miaka 105. Watu wawili waliokuwa wakimtunza katika uzee walimzika mahali pa siri kama alivyowaagiza. Chini ya mlima ule pana nyumba ya watawa yenye jina lake, na watu wangali wakiishi humo hata leo.

Lakini kabla ya kufa, siku moja aliposhuka kuwatazama watawa wa milima ya nje, alimwona umbu lake. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu siku alipomweka kwa wanawali. Alimkuta amezeeka, naye sasa ni kiongozi wa wanawali wengine. Antoni akafurahi, asema Athanasio, na habari hiyo imekwisha kwa sentensi moja. Jina la mwanamke huyo hakulitaja, wala hakuandika alilosema alipomwona kaka yake.

Mwanafunzi yule wa nyuma amekwisha kuwa mwalimu, na shule yake iko mbali na hapa. Kama ana chombo cha radio karibu naye jioni hii, jibu letu ni hili: mtoto yule alitunzwa na wanawake wa kijijini, naye alipokua akawatunza wengine. Kama aliulizwa kwanza, kitabu hakisemi.