Zaire bilioni 300 kwa faranga moja

Noti ya zaire milioni 5 ilitolewa mwaka 1992. Wafanyabiashara walipoikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo walipora Kinshasa, Januari 1993. Mwaka huohuo zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, na faranga 1 ikabeba zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: faranga 1 ni zaire za zamani bilioni 300.

Hapa Bangboka, nchini Kongo, vijana ninaowafundisha lugha ya programu ya Java naanza nao na hesabu hiyo, kwa kuwa ni yetu. Mmoja akiandika int z = 300000000000; kompaila inagoma papo hapo: namba ni kubwa mno. Aina ya int mwisho wake ni 2,147,483,647. Aweke aina kubwa zaidi, long, na herufi L mwishoni mwa namba, basi inapita.

Ninachohofia zaidi ni kompaila inaponyamaza. Akiandika long z = 3000000 * 100000; programu inakubaliwa, kisha inatoa -647710720. Kuzidisha kumefanyika ndani ya int kabla ya long kupokea jibu. Hapo L iwekwe kwenye 3000000.

Kutenganisha aina za namba si jambo jipya; utengano wa namba kamili na za desimali nao ni wa zamani. Katika lugha ya Fortran ya mwaka 1957, kwenye mashine za IBM 704, jina la kigeu lililoanza na herufi I hadi N lilikuwa la namba kamili. Kuondoa alama ya hasi kulihitaji XABSF kwa namba kamili na ABSF kwa za desimali. Lugha ya C ikarithi desturi hiyo kwa abs na fabs. Java ya mwaka 1996 ina Math.abs moja kwa aina zote, lakini Math.sqrt, ya kipeuo cha pili, hurudisha double, yaani namba ya desimali, na ukiipeleka kwenye int unakataliwa. Ukiandika (int) mbele yake unapita, ila desimali zote zinatupwa. Mwandishi wa programu ndiye anayetia sahihi hasara hiyo, na naona ni haki.

Sasa ile noti ya milioni 5 ina thamani gani kwa faranga? Kwa namba kamili, 5000000 / 300000000000L inatoa 0, bila lawama yoyote. Andika 5000000.0, utapata takriban 0.0000167.