Mzozo wa sijida katika Fustat

Agosti 31, 2023, Waziri Mkuu wa Misri, Mostafa Madbouly, alifungua tena sinagogi la Ben Ezra lililoko Fustat, Kairo ya kale, baada ya ukarabati wa miaka kadhaa. Picha zilikuwa nzuri. Waumini ndio hawakuwepo. Mayahudi wa Misri, ambao katika miaka ya 1940 walikuwa zaidi ya 70,000, leo wanahesabika kwa vidole, na sala ya jamaa kwao haisimami bila wanaume kumi.

Wageni wanaofika pale husimuliwa kwamba hapo ndipo binti Farao alipomwokota Musa mtoni. Hiyo ni hekaya. Husimuliwa pia habari za geniza, na hizo ni za kweli. Sheria ya Kiyahudi inakataza kuharibu maandishi yenye jina la Mungu. Yakichakaa huwekwa kando, kisha huzikwa. Watu wa Fustat hawakuwa na haraka ya kuyazika. Kwa karne nyingi waliyatumbukiza kwenye chumba kisicho na mlango, ndicho geniza, kupitia tundu lililo juu ukutani, na pamoja na vitabu vya dini wakatumbukiza hati za madeni, talaka, orodha za maskini wa kugawiwa mkate na barua za wafanyabiashara. Kati ya 1896 na 1897, Solomon Schechter wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizichukua kwa idhini ya wakuu wa jumuiya. Leo maktaba ya chuo hicho ina vipande vipatavyo 193,000.

Aliyezifanya karatasi hizo zizungumze kuliko wote ni S. D. Goitein, mwanazuoni mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1985, mwandishi wa juzuu tano nene juu ya maisha ya watu wa geniza. Makala haya yanamfuata yeye kwa sehemu kubwa, na ni haki msomaji ajue mapema kwamba mzee huyo alikuwa na kipenzi chake. Baada ya kuishi miongo mingi na maelfu ya marehemu wa Fustat, aliyemkalia moyoni kuliko wote alikuwa Abraham, mwana wa Musa bin Maymun.

Baba mtu hahitaji utambulisho mrefu. Ulimwengu unamjua kama Maimonides: alizaliwa Cordoba mwaka 1138, akaikimbia dola ya Wamuwahidi, akatua Misri, akawa tabibu wa watu wa ikulu ya Salahuddin, akapanga sheria yote ya Kiyahudi katika Mishne Tora na kuandika kitabu cha falsafa kiitwacho Dalalat al-Hairin. Ndugu yake Daud, aliyekuwa akiilisha familia kwa biashara ya vito, alizama katika hii hii Bahari ya Hindi yetu, na barua yake ya mwisho, aliyoandika akiwa bandari ya Aidhab kwenye Bahari ya Shamu, ilikutwa ndani ya geniza. Kitabu hicho cha falsafa Maimonides alikiandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Maimonides alifariki mwaka 1204. Abraham, mwanawe wa pekee, hakuwa amefikisha miaka 20 alipokabidhiwa uongozi wa Mayahudi wa Misri. Alikuwa tabibu pia, akifanya kazi katika hospitali ya serikali mjini Kairo, na mwenzake wa hapo, mwanahistoria Mwislamu Ibn Abi Usaybia, alimweleza kuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno mazuri na adabu. Mbali na udaktari alikuwa na kazi ya kusuluhisha ndoa, kugawa ngano na kulipa watumishi wa jumuiya. Vijikaratasi vya amri zake, kwa mwandiko wake mwenyewe, bado vipo.

Ndipo alipogusa sala.

Hali ya masinagogi ya Fustat ilikuwa imekwisha kumkera hata baba yake. Maimonides alilalamika kwamba msomaji anaporudia sala kwa sauti, watu hupiga soga na kutema mate, na Waislamu wakiona hayo huwadharau. Waumini walikaa wakizunguka kuta, wengine wameegemea mito, nyuso zao huku na huko. Abraham alitaka mito iondolewe. Alitaka watu wakae na kusimama kwa safu, wote wakielekea upande mmoja, ule wa Yerusalemu. Alitaka wanawe miguu pamoja na mikono kabla ya sala, wainue mikono wakati wa kuomba, wapige magoti na kusujudu mpaka paji la uso liguse sakafu.

Msomaji wa pwani ameshaona inakoelekea. Wapinzani wake nao waliona, wakasema kijana anatuletea sala ya Waislamu. Jibu la Abraham lilikuwa la kijasiri: vitendo hivi ni vyetu, vimo katika Taurati na katika habari za manabii, vilitupotea uhamishoni, na majirani wakavihifadhi. Kuviacha kwa sababu tu jirani anavifanya ni kuuacha urithi wako. Kuhusu Masufi alikwenda mbali zaidi. Alisikitika kwamba mavazi yao ya matambara, mikesha na utii wao kwa shekhe vinafanana na njia ya Eliya na Elisha kuliko mwenendo wa Mayahudi wa zama zake.

Kulikuwa na ugomvi mwingine chini ya huo. Fustat ilikuwa na masinagogi mawili makubwa, moja la desturi ya Iraki, lililosoma Taurati yote kwa mwaka mmoja, na jingine la desturi ya Palestina, lililochukua miaka mitatu kuimaliza. Hilo la pili ndilo Ben Ezra. Maimonides alitaka kuifuta desturi ya Palestina akashindwa. Mwanawe akajaribu tena, na mwaka 1211 watu wa Ben Ezra wakaandika na kutia saini hati ya kuilinda. Kwa hiyo jengo lililofunguliwa kwa shangwe mwaka 2023 lilikuwa ngome ya waliompinga, na humo humo ndimo zilimohifadhiwa karatasi zake. Ni kejeli ambayo hotuba za ufunguzi hazina nafasi nayo.

Waliomchukia walijua pa kumshika. Watawala wa Kiislamu waliwaacha Wakristo na Mayahudi waabudu kwa desturi zao za kale; kuzusha jambo jipya ndani ya dini hizo lilikuwa kosa la kufuatiliwa. Basi wakampelekea Sultani al-Adil mashtaka kwamba raisi wa Mayahudi analeta bidaa. Fikiria mkasa wenyewe: Mayahudi wanamshtaki kiongozi wao kwa mtawala Mwislamu, na kosa lake ni kusali kwa namna inayofanana na ya huyo mtawala. Abraham alijibu kwa waraka wenye saini za watu wapatao 200, wakieleza kwamba hakumlazimisha mtu, na kwamba sala hizo zilifanywa katika nyumba yake ya ibada. Alibaki katika cheo chake hadi kifo chake mwaka 1237. Sinagogi hakulibadili.

Goitein anamwonea huruma, na mimi nakubaliana naye, ingawa nadhani anawapunja wapinzani. Jumuiya ndogo iliyozungukwa na dini kubwa ina sababu ya kuogopa kufanana. Ushahidi upo ndani ya geniza yenyewe. Katika karne ya 14 mwanamke mmoja alimwandikia mzao wa ukoo wa Abraham, Nagidi (mkuu wa Mayahudi) David wa Pili, akimlilia mumewe, Basir, fundi wa njuga. Basir alikuwa ameiacha nyumba na kupanda mlima kumfuata shekhe wa Kisufi, al-Kurani. Watoto wana njaa, na mama anahofu baba atawasilimisha. Anamtaka Nagidi aingilie kati. Tukumbuke kwamba Nagidi huyu alitoka katika ukoo uliowafundisha Mayahudi kuwastahi Masufi. Katika makaratasi yale yale yamo mashairi ya Msufi al-Hallaj na maneno ya mwanazuoni al-Ghazali yaliyonakiliwa kwa herufi za Kiebrania.

Wana wa Abraham waliendeleza njia yake. Obadia aliandika risala ya kiroho inayoufananisha moyo na birika la kusafishwa kabla ya kutiwa maji. Baadaye katika karne ya 14 David wa Pili alihamia Halab (Aleppo), na harakati ikafifia. Elimu ya Kiyahudi ikaendelea kwingine, Safed na elimu yake ya siri, kabbala, kisha Ulaya Mashariki na shule zake za Talmudi, na huko ndiko wasomi wengi walikoelekeza macho tangu hapo.

Cordoba ilimsimamishia Maimonides sanamu mwaka 1964. Kitabu kikubwa cha Abraham, Kifayat al-Abidin, hakijapatikana kizima hadi leo. Samuel Rosenblatt alichapisha sehemu yake mwaka 1927 na 1938, na mlango wa sala, jambo lile lile lililofikishwa kwa sultani, ulichapishwa na Nissim Dana mwaka 1989. Misri imelipa mafundi wa kulirudishia jengo uzuri wake, na inastahili pongezi. Ila wageni wanaouzwa hadithi ya kisafina cha Musa wangestahili pia kusikia habari za yule tabibu mwembamba na waliomshtaki.