Anga la Adams, Shuka la Keïta

Tarehe 1 Novemba 1941, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Nakala alizozisafisha mwanzoni zina mawingu mepesi angani. Miaka ilivyopita alizidi kulitia anga giza, hata likawa jeusi tititi. Negativu ni ileile. Adams alisomea piano kabla ya kamera, na kwake negativu ilikuwa nota. Kila nakala, onyesho jipya.

Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alimaliza marekebisho kabla ya kubonyeza. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipigwa picha mara moja tu. Keïta alimgeuza bega, akamwinamisha shingo kidogo, akamwazima saa au kalamu, na nyuma yake akatundika kitambaa cha mapambo. Cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Negativu ya sentimita 13 kwa 18 ililazwa juu ya karatasi, nakala ikatoka kwa kipimo hichohicho.

Leo, kwenye kamera ya dijitali, anayefanya kazi kama Keïta hana sababu ya kuiogopa JPEG. Picha ikishakamilika mbele ya lenzi, JPEG ya ubora wa juu inatosha kabisa kwa albamu. Anayetaka kulitia anga giza kama Adams ndiye atakayeumia. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 lina 16,384. Ukizivuta hizo 256 kwa nguvu, anga hukatika mistarimistari, na kila unapohifadhi upya JPEG unapoteza kitu kingine. Huyo apige RAW, arekebishe, kisha ampelekee mchapaji TIFF.

Lakini kisa cha Keïta hakikuishia Bamako. Miaka ya 1990 negativu zake zilisafishwa Paris kwa vipimo vikubwa, weusi na weupe ukikolea, na nakala hizo ndizo zilizompa jina duniani. Iliwezekana kwa kuwa negativu kubwa zilikuwa bado zipo.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu picha za harusi zetu. Maharusi hutumiwa picha kwa WhatsApp, ambayo mara nyingi huzipunguza hadi pikseli 1,600 hivi: kwa pikseli 300 kwa inchi, hazifiki sentimita 14. Faili la pikseli 6,000 lingetoa sentimita 50. Tena bibi harusi amelainishwa na kuchujuliwa ngozi mpaka mamaye hamtambui, na picha ya asili imeshafutwa. Hakuna wa kumrudishia uso wake. Mpiga picha aliyelipwa awakabidhi maharusi faili la asili pamoja na albamu, kabla hajaifuta kadi ya kamera kwa ajili ya harusi ya Jumamosi ijayo.